Neno kwenye Boneti ya Baba

Walioandika walitumia mafuta ya breki. Hilo tulilijua baadaye, Rémy mwosha magari alipopitisha kidole juu ya boneti na kukinusa. Asubuhi yenyewe mimi niliona herufi tu, kubwa kama za kibao cha duka, zimeenea kutoka taa ya kushoto hadi taa ya kulia, na ndani yake rangi ya bluu ya gari imevimba na kukunjamana: MULOZI. Mchawi. Baba alikuwa amesimama mbele ya gari lake na ndoo ya maji mkononi. Kila asubuhi aliliosha kabla ya kwenda kutafuta abiria, na siku hiyo alikuwa bado hajamwaga hata tone.

"Clotilde, weye uko na macho ya muzuri," aliniambia. "Ni rangi balipaka?"

Nilimpokonya ndoo nikaimwaga yote kwa mkupuo. Nikasugua kwa sabuni, nikasugua kwa mafuta ya taa, mwishowe nikasugua kwa dawa ya meno kwa sababu mtu fulani sokoni aliwahi kuniapia kwamba dawa ya meno hutoa kila kitu. Uongo mtupu. Neno lilibaki pale pale, safi, likinukia mnanaa.

Baba yangu anaitwa Godefroid. Tangu Mama afariki anaishi na mimi na binti yangu Bénie hapa Kikula, mjini Likasi, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe tofali kwa tofali. Toyota yake kuukuu ndiyo iliyokuwa kazi yake: alfajiri aliwapeleka wachimbaji machimboni Kamatanda, jioni akawarudisha, na katikati ya hapo akambeba yeyote mwenye mzigo. Mimi nauza samaki wa chumvi sokoni. Si mtu mpole, nisidanganye. Upole wote wa nyumba hii aliuchukua Baba.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni Mama Marceline, na Parfait alikuwa mwanawe. Wiki ile mvua ilinyesha mfululizo. Gari liliposimama Kamatanda na wachimbaji wakaanza kuteremka na makoleo yao, Baba alimshika Parfait mkono akamwambia leo asiingie shimoni, udongo umekunywa maji mengi. Parfait akacheka, akamwambia Papa Godefroid umekuwa mwoga kama bibi, akaenda zake. Kabla ya adhuhuri udongo ulimfunika.

Kwenye kilio wanaume walikaa uani chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki, na wanawake ndani pamoja na mama wa marehemu. Baba alilia kuliko hata wajomba wa kijana. Na katikati ya machozi yake, watu wote wakisikia, akasema kwa sauti, "Minye nilimuambia! Nilimuambia asishuke, leo ni mubaya!"

Vichwa vikageuka. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Alitaka kusema jinsi kifo kile kilivyomuuma, basi. Lakini kwetu kijana akifa, watu hawaulizi sana ni kitu gani kilichomuua. Wanauliza ni nani. Na huyu hapa mzee anasema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba alijua tangu asubuhi. Alijuaje? Aliambiwa na nani? Niliona maswali hayo yakipita kutoka kiti hadi kiti, na Baba bado analia, hana habari.

Baada ya mazishi ndipo neno likaandikwa. Nani aliliandika, sijui. Ninao vijana kadhaa ninaowadhania, na kila nikikutana nao natema mate chini, lakini ushahidi sina.

Tangu siku hiyo wachimbaji waliacha kupanda. Walipita mbele ya nyumba yetu kwa miguu, makoleo begani, wakitazama upande wa pili wa barabara kana kwamba huko kuna sinema. Waliokuwa wakimwita Papa, wakimwazima redio, wakimletea mahindi ya kuchoma, hawakumpa hata bonjour. Baba aliwasalimia mmoja mmoja kwa jina, kila asubuhi, akiwa amesimama karibu na gari lake, na kila asubuhi alirudi ndani mapema kidogo kuliko jana. Nilichotaka mimi kilikuwa kimoja tu: baba yangu asimame mbele ya nyumba yake na watu waitikie salamu yake. Niliamini kwamba neno likitoka, watu watasahau.

Baba alitaka tulifunike gari kwa turubai na kulifanyia kazi hapa nyumbani, taratibu. Mimi nikakataa. Kwa nini tujifiche, tumeiba? Nikamlazimisha kulipeleka kwa Rémy, mahali anapooshea magari kando ya barabara kubwa, mchana kweupe, ili watu waone kwamba hatuna cha kuficha. Ukaidi wangu huo ndio uliotuponza.

Rémy ni mtu wa maneno mengi. Tulipofika alikuwa amepanda juu ya lori anaimba, akashuka akijipangusa mikono.

"Mama Bénie, usiogope," alisema kabla sijafungua mdomo. "Asidi ya malori ya mugodi ya Kakanda ikirukia motokari, nani anaitosha mpaka inatoka? Ni minye. Kinyesi ya ndege, utomvu ya muti, lami, yote ni minye."

Kisha akainama, akapitisha kidole ndani ya herufi ya kwanza, akakinusa. Hakuimba tena.

"Hii ni mafuta ya frein," alisema polepole. "Ile haikai juu ya rangi, Mama Bénie. Ile inakula mpaka mu ndani."

"Tosha vile utaweza."

"Nitajaribu, lakini..."

"Rémy, usiniambie lakini. Papa yangu iko hapa, anasikia."

Baba alikuwa ameketi kwenye gurudumu la zamani, kofia magotini. Rémy alimtazama, akaona aibu, akaanza kazi. Alilowesha msasa mwembamba akasugua herufi moja moja, maji yakitiririka ya bluu hadi kwenye viatu vyake. Kisha akapaka pati ya kung'arishia, akawasha jenereta, akapitisha mashine yake ya kuzunguka juu ya boneti nzima, huku na huku, hadi jasho likamdondoka. Nakiri kwamba kwa muda nilifurahi. Boneti ilikuwa imefunikwa na povu jeupe la pati, na chini ya povu hakuna aliyeweza kusoma kitu. Watu walianza kusogea: madereva wa pikipiki, wauza maji, wateja waliokuja kuoshewa magari yao. Nikasema moyoni, vizuri, na waone.

Rémy akamwaga maji, akafuta kwa kitambaa.

Miaka mingi ya jua na vumbi ilikuwa imeififisha boneti ile, na kufifia huko kulikuwa kumelipunguzia neno makali. Sasa rangi yote iling'aa, ungeweza kujitazama ukachana nywele, isipokuwa pale palipoliwa na mafuta. Pale palibaki butu, tena pamebonyea kiasi cha kuhisiwa na kidole. Neno lilisomeka kuliko asubuhi. Rémy alisimama mdomo wazi na kitambaa chake, kisha akaanza kusugua upya pale pale, haraka haraka, bila pati, bila maji, bila maana yoyote.

Mwanamume mmoja aliyekuja na jeep ya tajiri wake alitikisa kichwa. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Kama ni bwongo balimuandikia, ingetoka."

Nilimrushia sifongo iliyojaa maji. Ilimpata kifuani, watu wakacheka, yeye akafuta shati na kuondoka. Lakini maneno yake hayakuondoka naye. Tulipofika nyumbani yalikuwa yameshatutangulia. Mama Emérance, mwenzangu wa kikundi cha maombi, alikuwa ananisubiri mlangoni na uso wa msiba.

"Nasikia alama inakatala kutoka," alinong'ona.

"Ni mafuta ya breki, Mama Emérance. Yanakula rangi."

"Ndiyo, ndiyo, mama. Lakini inakatala."

Siku zilizofuata mvua zilikatika, na vumbi la Likasi unalijua, jekundu, laini, linaingia hata ndani ya sukari. Lilijaa kwenye mashimo ya herufi. Baba alifuta asubuhi, ikifika saa nne neno limeandikwa tena kwa wekundu juu ya bluu inayong'aa. Nilimwona kupitia dirishani akichokonoa kila herufi kwa njiti ya kiberiti iliyozungushiwa pamba, taratibu, kama anavyosafisha masikio ya Bénie. Nililia jikoni. Hasira yangu ilikuwa tele lakini sikuwa na mtu wa kumpiga nayo.

Mama Emérance alimleta mchungaji wa kikundi chetu. Nilitaka kuwafukuza, Baba akanizuia, akawatolea viti. Mchungaji alilizunguka gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho kwa muda mrefu.

"Papa Godefroid," alisema alipoyafumbua, "kitu ya juu inatoka na sabuni. Hii haitoke, sababu iko na muzizi."

"Mzizi wake uko kwenye chupa ya mafuta ya breki!" nilifoka. "Kamwulizeni muuza vipuri!"

"Clotilde, acha basali," Baba alisema. Akapiga magoti kando ya gurudumu, mzee wa watu, na suruali yake ya kanisani, na wao wakammiminia mafuta ya upako kichwani na mengine juu ya boneti. Walisali kwa nguvu. Ukuta wa pili nilisikia uani kwa Mama Marceline mchi unasimama; walikuwa wanasikiliza. Walipoondoka nilifuta boneti kwa sketi yangu, na Baba akabaki amepiga magoti, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye nyusi.

Basi nikampelekea gari Rolly, fundi wa kupaka rangi. Safari hii sikutaka mashahidi. Rolly ana karakana yenye lango la bati. Alikwangua herufi zote hadi chuma kikaonekana, akaziba kwa mastiki, akasawazisha, akapuliza rangi ya bluu na juu yake vanishi. Gari likatoka jipya. Hakuna mtu ambaye angesema pale paliandikwa kitu, hata mimi nilipopitisha kiganja sikuhisi chochote. Baba alilizunguka mara kadhaa akicheka peke yake, akaninunulia soda njiani, akapiga honi kwa kila aliyemfahamu. Siku hizo chache nilimwona akinyoa ndevu. Mchimbaji mmoja alimwitikia salamu, na Baba alikuja kunisimulia hilo sokoni kwangu, mbele ya wateja, na macho yanameremeta.

Kisha jua kali likapiga, na boneti ikapata moto.

Ilianza na vipele vidogo upande wa kushoto. Nikadhani ni vumbi. Jioni vipele vilikuwa vimeungana, na kesho yake M ilikuwa imesimama, imevimba chini ya rangi mpya kama mkono uliomwagikiwa maji ya moto. U ikafuata. Hakuna mkono wa mtu uliogusa. Lango letu lilifungwa, gari lilikuwa uani. Neno lilipanda lenyewe kutoka chini.

Rolly alikuja, akajikuna kichwa. "Mafuta ilibakia kidogo mu chuma, Mama Bénie. Nilipaswa kuosha na dawa ya diluant mara mingi, minye niliosha mara moja tu. Rangi na mafuta ya frein habipendane. Ni kosa yangu."

Maskini Rolly, alisema ukweli wote, na hakuna aliyeutaka. Mtaani walishaamua: alama ilipigwa msasa ikakataa, ikasaliwa ikakataa, ikazikwa chini ya rangi ikafufuka. Mimi mwenyewe ndiye niliyewapa ushahidi, mmoja baada ya mwingine, kwa juhudi zangu. Kama ningeliacha lile neno lipigwe na jua na mvua, pengine lingechakaa na watu wakachoka nalo.

Baba alikuwa amesimama kando yetu muda wote Rolly akieleza. Sidhani kama alimsikia.

"Asubuhi ile walikuwa wengi mu motokari," alisema. "Juu ya nini niliambia Parfait tu?"

"Kwa sababu alikaa mbele, kando yako, Papa! Wengine walikuwa wanashuka!"

"Labda," alisema.

Sikulipenda hilo "labda". Nikatoka, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Marceline, roho juu juu, tayari kwa ugomvi. Nilimkuta ameketi kwenye kizingiti na kitambaa cheusi kichwani, anachambua maharage. Aliniona, hakusimama wala hakunifukuza.

"Sikuandike kitu kwa motokari ya Papa yako," alisema kabla sijaanza. "Wala sikutuma muntu."

"Basi uwaambie bantu. Weye ukisema, batasikia."

"Niseme nini?"

"Useme ilikuwa mvua. Kila mtu alijua udongo ulikuwa mbaya."

Alichambua punje kadhaa, akatupa kijiwe. "Bantu bote balijua, na ni yeye tu alisema," alinijibu. "Mutoto wangu alikufa, Clotilde. Kila siku najiuliza ile. Kama weye uko na jibu, unipatie, nilale."

Nilikuja na matusi mengi, nikaondoka nayo yote. Huwezi kumtukana mtu wa namna hiyo. Alikuwa ananitazama kwa macho yale yale ya Baba, ya mtu anayejiuliza bila kupata jibu.

Mwishowe tuliing'oa boneti yenyewe. Rolly, kwa aibu yake, alitutafutia nyingine kutoka kwenye gari lililopinduka, nyeupe, imara, na ile ya zamani niliipiga kwa nyundo uani hadi mikono ikafa ganzi, nikaiuza kwa wakusanya vyuma. Sasa neno halipo tena popote duniani. Rolly alitaka kupaka ile nyeupe rangi ya bluu, lakini mimi sikutaka tena kuona kopo la rangi. Nikasema iache hivyo hivyo. Boneti nyeupe kwenye gari la bluu. Likionekana kwa mbali, hata kabla ya kusikia injini, watoto barabarani walikuwa wanapiga kelele: "Motokari ya mulozi! Ya kapo mweupe!" Kapo, yaani boneti, haikuwa na alama hata moja na kila mtu aliisoma.

Baba alijaribu kutoka nalo kwa muda mfupi. Halafu akaacha. Alitundika ufunguo kwenye msumari na hakuwa na haraka tena ya kuamka.

Jioni moja niliivisha bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na kipande cha samaki aliyekosa mnunuzi. Jua lilikuwa bado halijazama, tukakaa watatu mezani. Bénie ana miaka minne na hajui kula bila babu yake. Tangu aache kunyonya, Baba humfinyangia matonge madogo, huyachovya kwenye mchuzi na kumtia mdomoni, na mtoto hufungua mdomo hata kabla tonge halijafika. Siku hiyo alifungua vile vile. Baba alikuwa ameshafinyanga. Alilishika lile tonge kati ya vidole, akalitazama, kisha akalirudisha kwenye sahani yake.

"Enda kwa mama yako," alimwambia. "Akupatie yeye."

Bénie alidhani ni mchezo, akacheka, akaendelea kufungua mdomo.

"Papa, nini hiyo?" niliuliza.

"Beko nasema bulozi inapitaka mu chakula."

"Nani wanasema? Wale wajinga?"

"Clotilde." Aliliita jina langu kwa upole ule ule wa siku zote. "Muntu anaweza kuwa nayo, yeye mwenyewe hajue. Yeye analala, ile inatoka. Nani aliisha kuona usingizi yake?"

"Usiseme hivyo. Usithubutu kusema hivyo ndani ya nyumba hii!" Nilipiga meza, vikombe vikaruka, Bénie akafunga mdomo. "Weye haiko mulozi!"

"Unajua?"

"Nini?"

"Sikuulize unapenda nini. Nauliza kama unajua."

Mimi niliyemrushia sifongo mwanamume wa jeep, niliyemfokea mchungaji, niliyeivunja boneti kwa nyundo. Jibu lilikuwa moja tu na lilikuwa rahisi. Nikamtazama Baba, vidole vyake vya mafuta na bukari, nikamtazama mtoto wangu, na nikakawia. Haikuwa muda mrefu, ni muda wa kumeza mate tu, lakini Baba aliuona.

"Najua, Papa," nilisema.

"Merci," alisema.

Akachukua sahani yake, akasimama, akaenda kula nyuma ya nyumba. Bénie akateremka kwenye kiti amfuate babu yake. Nilimshika mkono nikamzuia.